Kukinga Mboga na Jalidi Wakati wa Kipupwe: Mwongozo kwa Bustani za Nyanda za Juu

Jani la nyanya lililopigwa na jalidi, ile baridi kali inayogandisha majani, haliwi jeusi papo hapo. Alfajiri unalikuta limekakamaa, limevaa unga mweupe, na ukiligusa linavunjika kama karatasi kavu. Jua likipanda linalegea na kuwa la majimaji, mfano wa mboga iliyotoka chunguni. Kufikia saa nane mchana limeshakuwa jeusi. Mwaka nilioanza kulima kinyungu changu, yaani bustani ya bondeni, huku Njombe, nilipoteza miche zaidi ya 300 ya nyanya kwa usiku mmoja wa Julai. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nyanya za mama jirani, hatua themanini tu juu ya mteremko, hazikuwa na doa hata moja. Mbegu tulinunua pamoja na tulipanda wiki moja.

Yule mama ndiye aliyenifundisha jambo lililo mzizi wa mwongozo huu: joto linalookoa mboga usiku wa jalidi linatoka ardhini. Shuka unalofunikia halina joto lake lenyewe, na nailoni vilevile. Jua ndilo linaloipa ardhi joto mchana kutwa. Kazi ya mkulima ni kuisaidia ardhi ilipokee kwa wingi, kisha kulizuia lisitoroke kabla hakujakucha. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata utazielewa bila kukariri.

Baridi na jalidi ni vitu viwili

Watu wengi huogopa siku ya mawingu na manyunyu, ile ya kuvaa makoti mawili. Siku hiyo mwili unaumia, lakini mboga ziko salama. Mawingu ni blanketi: yanarudisha ardhini sehemu kubwa ya joto linalopanda. Usiku wa kuogopa ni ule mzuri wa kutazama, anga safi, nyota zimejaa, hakuna upepo. Hapo joto la ardhi na la majani linapanda moja kwa moja angani bila kuzuiwa, na jani lenyewe linaweza kuwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 3 zaidi ya hewa iliyo usawa wa kifua chako. Kwa hiyo kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 2 juu ya sifuri huku majani yakiganda.

Ndiyo sababu majira ya jalidi hayafanani kila mahali. Kwetu nyanda za juu kusini, kuanzia Mufindi na Njombe hadi Makete na uwanda wa Kitulo ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho pia kiangazi. Anga ni kavu na usiku ni mrefu, basi jalidi hupata nafasi. Kwa ndugu zetu wa nyanda za juu za Kenya mambo hugeuka. Julai ya Limuru na Kinangop ina baridi ya kuuma lakini mara nyingi imefunikwa na mawingu, ilhali Januari na Februari anga hufunguka, na ndipo hata chai ya Kericho huungua. Mwongozo ni uleule. Badilisha kalenda tu.

Hatua ya kwanza: fahamu baridi inalala wapi shambani kwako

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku inateremka polepole kama maji, inafuata makorongo na njia za ng'ombe, na ikifika bondeni inatuama. Huu ndio mtihani wa vinyungu. Tunavilima kiangazi kwa sababu bondeni kuna unyevu, na bonde hilohilo ndilo bakuli la baridi. Nyanya zangu zilikuwa chini ya bakuli, za jirani zilikuwa ukingoni.

Amka alfajiri moja ya mwanzo wa Juni, saa 12 hivi, utembee kutoka juu ya shamba hadi chini. Utaisikia hewa ikibadilika vifundoni mwa miguu. Chomeka vijiti pale weupe wa nyasi unapoanza. Rudia siku mbili tatu. Mstari huo haubadiliki sana mwaka hadi mwaka, na utakusaidia kuliko ushauri wowote wa mtu asiyelijua shamba lako. Juu ya vijiti ni mahali pa nyanya, hoho, maharage na maboga. Chini ya vijiti ni mahali pa kabichi.

Angalia pia ua. Ua mnene wa mabingobingo upande wa chini wa bustani unageuka kuwa bwawa la baridi: hewa inateremka, inakwama, inapanda juu ya matuta yako. Fungua mwanya wa mita 2 au 3 mahali pa chini kabisa ili hewa ipate njia ya kutokea. Ua wa upande wa juu, kinyume chake, unasaidia, hasa ukiupanda kwa mshazari ili uielekeze hewa ipite pembeni ya bustani.

Na jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: huku kusini mwa Ikweta, jua la Juni linapita upande wa kaskazini. Mteremko unaotazama kaskazini unaota jua zaidi kuliko unaotazama kusini. Kama una nyumba ya matofali ya kuchoma, ukanda wa mita moja mbele ya ukuta unaotazama kaskazini ni dhahabu. Ukuta unanyonya jua mchana kutwa na kulitoa usiku. Mimi hapo ndipo ninapoweka kitalu.

Hatua ya pili: panga nini kitakuwa shambani mwezi Julai

Kabla ya kutafuta mashuka, punguza idadi ya mimea inayohitaji shuka. Nyanya, pilipili hoho, biringanya, matango, maboga, maharage, mnavu na viazi vitamu haviwezi kabisa. Majani yake yakiganda yameisha. Mahindi mabichi nayo huungua majani. Viazi mviringo vinavumilia kidogo tu, majani huanza kuungua joto la jani likishuka nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri.

Upande wa pili kuna kabichi, sukuma wiki, karoti, vitunguu, vitunguu saumu, spinachi na brokoli. Mboga hizi zikizoea baridi taratibu zinastahimili jalidi ya kawaida ya kwetu bila kufunikwa. Tena sukuma wiki na karoti huwa tamu zaidi, kwa sababu mmea ukisikia baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo huuzuia kuganda haraka. Walaji wanaijua ladha hiyo hata kama hawajui chanzo chake. Njegere ziko katikati. Majani ni magumu, maua na maganda machanga ni dhaifu, hivyo zipande kwa hesabu ili zisitoe maua katikati ya Julai.

Nyanya za bondeni zihesabie nyuma. Tangu kupandikiza mpaka kuchuma mara ya kwanza ni miezi mitatu hivi kwenye ubaridi wetu. Ukipandikiza mwanzoni mwa Machi, utakuwa umechuma sehemu kubwa kabla jalidi haijakomaa. Ukipandikiza Mei, unapanda kilio. Mkupuo mwingine sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Julai, penye ulinzi, upeleke shambani Septemba. Hata pasipo jalidi, usiku wenye chini ya nyuzi 12 au 13 hufanya maua ya nyanya yashindwe kushika matunda, kwa hiyo nyanya ya Julai ya bondeni ni hasara hata ikipona.

Hatua ya tatu: andaa ardhi ishike joto

Hapa ndipo ushauri unapokwenda kinyume na mazoea, basi nisikilize kwa makini.

Sentimita 30 za juu za udongo ndizo zinazopokea joto mchana na kulitoa usiku. Udongo mkavu uliotifuliwa umejaa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Udongo wenye unyevu, ulioshikana kiasi, unabeba joto jingi na kulipandisha juu usiku kucha. Kwa hiyo usipalilie kwa jembe siku mbili tatu kabla ya usiku unaouogopa. Magugu yang'oe kwa mkono, kwani nayo yanaizuia ardhi isipate jua.

Mwagilia udongo mapema. Kama umekauka, ndoo mbili za lita 10 kwa kila mita ya mraba, asubuhi au kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla ikiwezekana. Ukimwagilia magharibi, maji ya mtoni ni ya baridi na jua la kuyapasha halipo tena. Na usilowanishe majani jioni: maji yakigeuka kuwa mvuke yanalinyang'anya jani joto lake.

Matandazo ya nyasi ni rafiki yetu mkubwa kiangazi, lakini usiku wa jalidi yanafanya kazi ya kifuniko kwenye sufuria. Joto linabaki udongoni, halifiki kwenye majani. Kwa vitunguu saumu na karoti, ambazo tunajali kilicho chini, yaache. Kwa nyanya, hoho na maharage, yasogeze pembeni, sentimita 40 hivi kila upande wa mstari, kuanzia asubuhi ili jua liuone udongo. Jalidi ikipita, yarudishe.

Urea na mbolea nyingine ya kukuzia, acha kuanzia katikati ya Mei kwa mimea itakayokuwepo Julai. Inaleta majani mororo yenye maji mengi, na hayo ndiyo hufa kwanza. Samadi iliyooza haina tatizo hilo.

Hatua ya nne: isome jioni

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe na utabiri wa kila siku, sikiliza. Lakini joto linalotangazwa hupimwa ndani ya kibanda maalumu, juu kidogo ya mita moja kutoka ardhini, tena pengine kituo kiko kilimani na wewe uko bondeni. Nunua kipimajoto cha kawaida ukitundike kwenye kijiti usawa wa mimea yako, siyo ukutani. Kanuni yangu: utabiri ukisema nyuzi 5 au chini na anga ikiwa safi, ninafunika.

Ishara za jioni zinaaminika. Upepo uliovuma mchana ukakatika ghafla jua linapozama. Hewa kavu, midomo inapasuka. Moshi wa majiko unapanda kidogo kisha unatandaa bapa juu ya bonde kama shuka. Moshi ukitandaa hivyo ujue hewa ya juu ni ya joto kuliko ya chini, na baridi imeanza kujikusanya. Usiku wenye umande mapema una nafuu kidogo, kwa kuwa mvuke ukigeuka kuwa maji hutoa joto. Usiku mkavu ndio katili.

Baridi hufikia kilele kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi. Usidanganyike ukachungulia saa 5 usiku, ukaona shwari, ukaenda kulala.

Hatua ya tano: funika

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kuufunga mmea nailoni juu kama mtu aliyefunga kilemba, shina likabaki wazi. Kifuniko cha namna hiyo kinalizuia joto la ardhi lisifike kwenye majani. Kifuniko sahihi kinashuka hadi chini pande zote na kukandamizwa kwa udongo au mawe. Unajenga hema lenye ardhi yenye joto kwa sakafu.

Kwa tuta la upana wa mita 1, pasua mianzi, ambayo huku kwetu haina gharama. Kata fito za urefu wa mita 2, pinda kila moja iwe tao, zamisha sentimita 20 kila upande. Utapata kimo cha nusu mita, kinachotosha miche, hoho changa, saladi na maharage mafupi. Weka tao kila baada ya mita moja, ufunge ufito mmoja mrefu juu kuyaunganisha. Kifuniko kiwe na upana wa mita 2 ili kibaki cha kukandamiza.

Kuhusu cha kufunikia, mapendekezo yangu kwa mpangilio wa ubora ni haya. Blanketi chakavu, mashuka ya zamani na magunia ya katani ni bora: yanashika joto na yakigusa jani hayaliui upesi. Viroba vya unga vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja vinafuata, na ndivyo ninavyotumia zaidi kwa sababu mama lishe na wauza nafaka hutoa kwa bei ndogo. Neti ya kilimo nyepesi ni nzuri, inaweza kukaa hata mchana. Nailoni ni ya mwisho. Inazuia upepo na umande lakini joto hupita humo kirahisi, na jani lililoigusa linaganda palepale ilipogusa. Kama nailoni ndiyo uliyo nayo, iweke juu ya matao isiguse kitu, na ukiongeza viroba juu yake umepata ulinzi maradufu.

Shina mojamoja la nyanya au boga changa, lifunike kwa ndoo, kikapu kikuukuu, au dumu la lita 5 lililokatwa kitako. Majani makavu ya mgomba na mabua ya mahindi yaliyoegemezwa kama kibanda yanafaa kwa mistari mirefu.

Muda ni muhimu kuliko aina ya kitambaa. Funika jua likiwa linazama, saa 12 hivi jioni, ardhi ingali na vuguvugu. Ukifunika saa 4 usiku unafungia baridi ndani. Kwa nguvu zaidi, laza chupa za maji za lita 1.5 zilizojazwa katikati ya mistari tangu asubuhi zipigwe na jua. Usiku zinatoa joto lao polepole ndani ya hema. Chupa moja kila nusu mita inaonekana kidogo, lakini kwenye matao yangu nimeiona tofauti kati ya upande wenye chupa na usio nazo.

Asubuhi usiharakishe kufunua. Ngoja jua liguse bustani na weupe wa nyasi uyeyuke, saa 2 na nusu au saa 3. Usichelewe pia: jua la kipupwe huku juu ni kali, na chini ya nailoni mimea inaweza kuungua kwa joto kufikia saa tano. Funua kabisa, ardhi ipate jua tena, kwa sababu jalidi mara nyingi hupiga siku mbili tatu mfululizo.

Moto, moshi na kunyunyiza maji

Wazee wengi huwasha moto wa nyasi mbichi ili moshi ufunike bonde. Nawaheshimu, lakini kuni zangu sizitumii hivyo. Moshi hauzuii joto la ardhi lisipande, kama mawingu yanavyolizuia, na ukikaa asubuhi unalikinga shamba dhidi ya jua linalohitajika. Moto mmoja mkubwa ni mbaya zaidi: hewa yake ya moto inapaa moja kwa moja na kuvuta ya baridi kutoka pembeni. Ukilazimika, washa mioto midogomidogo mingi, na usilale ukiiacha karibu na nyasi za kiangazi.

Kunyunyiza maji kunafanya kazi, lakini kwa mwenye mpira na maji yasiyokatika. Maji yakiganda yanatoa joto, na jani lililo ndani ya barafu inayoendelea kupokea maji halishuki chini sana ya sifuri. Sharti uanze kabla ya kufika sifuri na usisimame mpaka jua litoke na barafu ianze kuyeyuka yenyewe. Maji yanapogeuka mvuke hunyonya joto takribani mara saba kuliko lile yanalotoa yakiganda, kwa hiyo ukiishiwa maji saa 10 alfajiri utakuwa umeua bustani kwa mkono wako. Kwa anayemwagilia kwa ndoo, liache jambo hili.

Miche ya kitaluni

Kitalu kiwe kwenye tuta lililoinuliwa, chini ya kichanja cha nyasi chenye kimo cha nusu mita hadi mita moja, na pembeni uteremshe viroba usiku. Siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza, punguza maji kidogokidogo na uache kuifunika usiku usio na hatari. Mche uliozoeshwa hivyo una shina gumu na jani zito. Ule uliodekezwa hadi siku ya mwisho hufa kwa baridi ambayo mwenzake haisikii kabisa.

Jalidi ikishapiga

Usiguse chochote kikiwa bado kimeganda. Chembe za barafu ziko ndani ya jani, na kuligusa ni kulipasua. Usikimbilie kisu siku hiyohiyo pia. Majani yaliyokufa yanayakinga kidogo machipukizi ya chini kwa usiku unaofuata. Ngoja wiki moja hadi siku 10, utaona shina limekufa hadi wapi. Kata sentimita moja chini ya palipooza, siku ya jua, uchome au ufukie mabaki maana ukungu huingilia penye vidonda. Mbolea ya kukuzia weka pale tu chipukizi jipya lina majani mawili matatu, tena kidogo.

Nyanya iliyokufa hadi ardhini ing'oe. Hoho na biringanya mara nyingine huchipua chini, zipe nafasi. Kabichi iliyobabuka majani ya nje ina kichwa kizima ndani.

Viazi mviringo vichanga, vya mwezi mmoja au chini yake, huchipua upya. Vipandishie udongo uvisubiri. Vilivyokaribia kukomaa usivichimbe kesho yake kwa hofu. Viazi vyenyewe viko salama chini ya udongo, ila ngozi bado ni laini na itachubuka, na viazi vilivyochubuka haviwekeki. Fukia nyufa za matuta ili jua lisivifanye kijani, acha wiki mbili zipite, kisha chimbua kimoja ukisugue kwa dole gumba. Ngozi ikikataa kutoka, anza kuvuna.